Chombo Hakichoki, Huchoka Mtu

Watu wakishajua kuwa niliwahi kuwa baharia, huniuliza habari za mawimbi. Yana kimo gani? Mliwahi kupinduka? Na papa je? Ninauza kamba na maturubai karibu na soko la Gikomba. Wateja wangu ni madereva wa malori na wenye mahema ya harusi, na bahari iko karibu kilomita 480 kutoka hapa Nairobi, kwa hivyo sishangai wakiizungumza kama sinema. Huwajibu. Mawimbi yapo, na mengine ni makubwa kweli. Lakini katika miaka niliyosafiri kwa vyombo vidogo, kwanza majahazi ya kwetu Lamu, kisha mashua za matanga za wenye pesa wanaotafuta watu wa kuwahamishia kutoka bandari hadi bandari, kilichonitia hofu kuliko yote ni macho ya mtu aliyeshika usukani na hajalala.

Safari iliyonifunza hayo ilikuwa ya kutoka Mahé, Shelisheli, kuja Kilifi. Ni zaidi ya maili 900 za bahari, kama kilomita 1,700, na ukishaviacha visiwa vya Amirante huna pa kukimbilia mpaka pwani ya Afrika. Kwenye ramani ni njia nyepesi. Upepo wa kusi unavuma kutoka kusini-mashariki, nawe unakwenda magharibi, basi upepo unakusukuma kwa nyuma, upande wa kushoto. Ila ilikuwa Agosti, kusi bado ina nguvu zake, na mawimbi yaliyotoka mbali bila kukutana na nchi yanakugonga ubavuni usiku na mchana. Mashua ilikuwa ya faiba, mita 11, mlingoti mmoja, nzima kabisa. Tulikuwa watatu: nahodha, ambaye ni mzee wa Kizingitini aliyekulia ndani ya jahazi la babake; mimi; na kijana mmoja wa Mtwapa.

Kigegezi kilimshika yule kijana jioni ya kwanza kabla hatujapoteza milima ya Mahé machoni. Watu wa bara hulichukulia jambo hili kama mzaha, na si mzaha. Anayetapika mfululizo hupoteza maji na chumvi, na baada ya siku mbili tatu unakuwa na mgonjwa chomboni, maili mia kadhaa kutoka kwa daktari. Nahodha alimlaza chini, katikati ya mashua ambapo mtikisiko ni mdogo, akawa anampa maji yenye sukari na chumvi kidogo kwa kijiko, kila mara kijiko kimoja, kwa subira ambayo sijaiona kwa wauguzi wengi. Kijana alipona polepole. Lakini zamu zake zilibaki kwetu wawili.

Hapo ndipo hesabu inapogeuka. Siku ina saa 24. Mkiwa watatu, kila mmoja anashika usukani saa 8, na bado ana nafasi ya kula na kulala. Mkiwa wawili ni saa 12 kila mtu, na usukani si kazi pekee. Kuna tanga la kupunguza upepo ukizidi, kuna ngama, pale chini kabisa maji yanapokusanyika, ya kutazama na maji yake ya kufua, kuna chakula, kuna kuandika mahali mlipofika, kuna mgonjwa. Usingizi unabaki vipande vipande. Na ule si usingizi wa nyumbani. Mwili unalala huku mikono imekamata ubao ili usitupwe upande wa pili, na masikio yanafuatilia kila kishindo cha tanga. Nguo ni mbichi kwa chumvi, na makalio yana vidonda vya kukaa juu ya maji. Unaamshwa ukiwa umechoka kuliko ulipolala.

Uchovu wa namna hiyo hauji na kelele. Ulianza kwa vitu vidogo. Chai ikachemshwa bila majani. Kamba ikafungwa fundo lisilo lake. Halafu nahodha akafungua daftari la safari akakuta mwelekeo umeandikwa 207, na sisi tulikuwa tukielekea 270, magharibi barabara. Mashua ilikuwa kwenye njia yake sawasawa, mwandiko ndio ulioteleza, na hakuna kati yetu aliyekumbuka kuandika tarakimu zile. Alinitazama, akatazama daftari, akalifunga.

Usiku ule nikasikia vugo. Kwa asiyelijua, vugo ni ngoma ya harusi ya wanawake wa kwetu, wanaimba huku wakigonga pembe. Ilitoka chini ya miguu yangu, ngamani, waziwazi, na nilizitambua sauti za shangazi zangu wawili, mmoja wao marehemu. Yalikuwa maji machache yanayochapa kuta za mashua, nami nilijua ni maji. Kujua hakukusaidia kitu. Nyimbo ziliendelea, na nilitamani sana kuinama nisikie maneno.

Nikamwamsha nahodha nikamwambia. Hakucheka. Alisema, “Ukisikia nyimbo, niamshe. Hata kama nimelala dakika tano, niamshe, wala usione haya. Aliyenificha mimi alitaka kutuua sote.” Alishika usukani mpaka alfajiri. Kulipokucha akapunguza tanga mpaka likabaki kipande, akaligeuza upande wa pili wa upepo, akafunga usukani kwa kamba. Mashua ikatulia, omo yake, yaani sehemu ya mbele, ikiyatazama mawimbi kwa mshazari, ikawa inasukumwa taratibu kama mtu anayetembea kinyumenyume. Kelele zikaisha. Mimi sikuwa nimewahi kuona nahodha akisimamisha chombo katikati ya bahari, upepo ni mzuri, ili watu walale tu.

Tulilala siku nzima kwa kupokezana, mmoja juu akitazama meli, wawili chini. Mchana kile kidude cha setilaiti kikaleta ujumbe wa mwenye mashua. Alikuwa akifuatilia safari yetu kwenye ramani ya simu yake, na alikuwa ameahidi wageni tarehe ya kuipanda mashua. Aliuliza kwa nini tumesimama. Nahodha aliandika neno moja: “Tunalala.” Akakizima.

Nimelifikiria neno lile mara nyingi kuliko dhoruba yoyote. Tunapanga maji, tunapanga unga na tende, tunapanga mafuta ya taa na betri, tunahesabu mpaka njiti za kiberiti. Usingizi hatuupangi. Tunauchukulia kuwa utajipenyeza penye nafasi, na nafasi haipatikani. Kwa nahodha wangu usingizi ulikuwa shehena kama maji ya kunywa: unaupakia kabla ya kung’oa nanga, unaugawa, na ukipungua unasimama kuutafuta.

Wanaofuatilia mashindano ya mashua huko Ulaya wanakumbuka Fastnet ya Agosti 1979. Mashua 303 zilianza, dhoruba ikazikuta kati ya Uingereza na Ayalandi, na wanamashua 15 wakafa. Kinachonigusa ni hesabu ya vyombo. Mashua 24 ziliachwa na watu wake baharini, na zilizozama ni 5 tu. Nyingine zilikutwa baadaye zikielea. Baadhi ya waliozitoka waliingia kwenye maboya ya mpira ya kujiokolea yakapasuka au kupinduka, na mashua waliyoikimbia ikabaki inaelea bila mtu. Siwalaumu hata kidogo. Mtu aliyepigwa na baridi na woga usiku kucha huona kila kitu kinazama. Ndiyo maana wazee wetu walitufundisha tusikiache chombo mpaka chombo kituache sisi, na kuyashika maneno hayo saa tisa za usiku kunahitaji kichwa kilicholala.

Kuanguka baharini nako ni tawi la mti huohuo. Mashua inayokwenda noti 6, yaani maili 6 za bahari kwa saa, inakuacha nyuma mita 185 kwa dakika moja, na kichwa cha mtu kati ya mawimbi hakionekani hata kwa umbali mdogo kuliko huo, mchana kweupe. Usiku ndio usiseme. Nahodha alikuwa na sheria mbili ambazo hakukubali zijadiliwe. Ya kwanza, ukitoka nje usiku umejifunga mkanda, na mkanda umefungwa kwenye mashua. Ya pili iliwachekesha vijana mara ya kwanza tu: usiku hakuna kukojoa umesimama ukingoni. Kuna ndoo. Wanaume wangapi wametoka kitandani nusu wamelala, wakasimama ubavuni mwa chombo, mkono mmoja umeshika kamba na mwingine suruali, wasionekane tena! Kwetu visiwani kila mji una jina la mtu wa namna hiyo.

Meli kubwa ni hatari nyingine isiyosamehe usingizi. Meli ya makontena ikienda noti 18 ni kilomita 33 kwa saa. Tangu uione taa yake kwenye upeo wa macho mpaka ikufikie inaweza kuwa robo saa, au dakika ishirini. Walio kwenye chumba chake cha kuongozea huenda wasikuone kabisa, na mashua ya faiba haionyeshi vizuri kwenye rada, hasa bahari ikichafuka. Kwa hivyo mwenye zamu huinuka kila baada ya dakika kumi, anazunguka na macho yake duara zima, kisha anakaa. Usiku kucha, kila usiku. Tulipokaribia njia ya meli zinazoingia Mombasa tulikuwa tukifanya hivyo wawili wawili.

Kuhusu maji nitasema machache kwa sababu watu wengi wanayajua nusu. Maji ya bahari yana chumvi gramu 35 hivi kwa lita, na figo ya binadamu haiwezi kutoa mkojo wenye chumvi nyingi kiasi hicho. Ukinywa lita moja, mwili unatumia zaidi ya lita moja kuiondoa chumvi ile. Unakauka kwa kunywa. Sisi tulipakia lita 4 kwa mtu kwa siku, za kunywa na kupikia, na akiba juu yake, tena katika madumu madogo mengi badala ya tangi moja, ili tangi likipasuka au kuingiwa na chumvi tusipoteze yote.

Safari ndefu ya bahari wala haihitaji mtu kuikusudia. Mvuvi José Salvador Alvarenga alitoka pwani ya Mexico mwishoni mwa 2012 kwenda kuvua kwa muda mfupi tu. Dhoruba ikamkuta, injini ikafa, redio ikaisha betri, na alifika nchi kavu Januari 2014, visiwa vya Marshall, upande wa pili wa bahari ya Pasifiki. Aliishi kwa samaki, ndege, kasa na maji ya mvua. Mwenzake aliyetoka naye alifia njiani. Wavuvi wa kwetu wenye boti za injini moja wanaokwenda nje ya mwamba, makasia hawana, tanga hawana, ninawaombea. Injini moja, plagi moja ikiingia maji, na mkondo unawachukua.

Mkondo wenyewe ndio uliotupa kazi ya mwisho. Pwani yetu ina mkondo unaokwenda kaskazini, na wakati wa kusi una nguvu, mahali pengine hata noti 4. Ukilenga Kilifi moja kwa moja kutoka mashariki utajikuta uko mbele ya Malindi, na kurudi kusini dhidi ya upepo na mkondo kwa pamoja ni adhabu. Ukipitiliza sana ni Somalia. Nahodha alilenga kusini ya Mombasa kwa siku mbili za mwisho, na ramani ilionekana kama anatupoteza kwa makusudi. Tukaletwa mpaka mbele ya Kilifi na mkondo uleule.

Tulifika jua limezama. Taa za nyumba zilikuwa zinaonekana. Yule kijana, mzima sasa, alishaanza kuongea habari za kuku wa kuchoma, na mimi mwili mzima ulikuwa umeshafika. Mlango wa mwamba ulikuwa mbele yetu, na nahodha akageuza omo kurudi baharini. Sikulia, lakini nilikaribia. Tulizunguka nje usiku kucha, tukijirudisha kusini kila mkondo ulipotuvuta, tukaingia asubuhi maji yakiwa yamejaa na jua liko juu kiasi cha kuonyesha rangi ya mwamba. Mashua iliyovuka bahari nzima huvunjikia hapo, nusu maili kutoka kitandani, kwa sababu aliye juu hana tena nguvu ya kungoja. Hilo ninaliamini kuliko yote niliyoyaandika hapa.

Watu huniuliza pia habari za maharamia. Wapo walioshikwa njia zetu. Paul na Rachel Chandler, wazee wawili Waingereza, walitekwa Oktoba 2009 wakitoka Shelisheli kuelekea Tanzania, wakaachiwa Novemba 2010 na kupitishwa hapahapa Nairobi wakirudi kwao. Lakini kwa kila aliyetekwa, bahari imechukua wengi zaidi ambao hakuna aliyewagusa.

Na kuna wanaovuka bila kuchagua zamu wala usingizi. Kati ya Anjouan, kisiwa cha Komoro, na Mayotte, kisiwa kilicho chini ya Ufaransa, ni kilomita 70 hivi. Tangu Ufaransa iweke viza mwaka 1995, Wangazija na wengine wamekuwa wakivuka usiku kwa boti ndogo ziitwazo kwassa-kwassa, zimeshindiliwa watu mpaka hapana wa kunyoosha mguu, na maelfu wamefia mle. Hapa Eastleigh kuna akina mama ninaowajua ambao wana wao walikwenda kwa njia ya Libya, na simu ya mwisho ilipigwa ufukweni. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwambia apange usingizi. Anayepakia watu 40 kwenye boti ya watu 10 na kumpa usukani kijana asiyewahi kuona bahari, huyo ndiye wa kuambiwa, na wa kufungwa.

Mwezi uliopita aliingia dukani kijana wa mtaa wa Umoja akitaka kamba ya milimita 12. Nilimuuliza ni ya lori au hema. “Ya mashua, mzee.” Yeye na rafiki yake wamenunua mashua kuukuu Kilifi na wanataka kwenda Shelisheli. Nilifunga mizani, nikamwekea kiti.

Sikumkataza. Mwenye hamu ya bahari ukimkataza atakwenda bila kukuambia. Nilimuuliza mko wangapi, akasema wawili. Nikamuuliza nani analala lini. Alifikiri ninamchezea. Nikamwambia habari za 207, na vugo, na ndoo. Nikamwambia atafute watu wawili zaidi, na wote wanne wakae baharini usiku mmoja hapohapo nje ya Kilifi, kisha siku mbili kwenda Shimoni, kisha wavuke Pemba na kurudi, kabla hajalitaja tena jina la Shelisheli. Aende mwenyewe kwenye idara ya hali ya hewa pale Dagoretti Corner aulize habari za bahari, asitegemee alama ya jua na wingu kwenye simu.

Anunue kifaa cha dharura cha megahezi 406 kinachopiga mbiu kwa setilaiti, na akisajili, kwa sababu kisichosajiliwa kinalia bila kusema ni cha nani. Mombasa kuna kituo cha kuratibu uokoaji baharini, kipo tangu 2006, lakini nilimweleza kuwa katikati ya njia ile helikopta haifiki. Anayekuja ni meli ya mizigo iliyo karibu, pengine baada ya siku, na kupanda ngazi ya ubavuni mwake wakati mashua yako inagongwagongwa chini ni mojawapo ya saa mbaya kuliko zote. Amwachie mamake karatasi: jina la mashua, rangi yake, watu waliomo, njia, na siku ambayo wasiposikika apige simu na ampigie nani.

“Mzee, likizo yangu ni wiki tatu tu,” akasema.

“Basi likizo yako inatosha Pemba.”

Alinyamaza kidogo. Akanunua mita 60 za kamba, akachukua na namba ya nahodha wangu, ambaye siku hizi hasafiri lakini bado anafundisha. Juzi amenipigia kuniambia wamempata mtu wa tatu, dada mmoja wa Watamu aliyekulia kwenye ngalawa. Wanatafuta wa nne.